Muuguzi Mpya Mwenye Watoto: Namna ya Kuupanga Mwaka wa Kwanza Kazini

Chuoni tunafundishwa kutandika kitanda ambacho mgonjwa amelala juu yake, kuhesabu matone ya dripu na kumpokea mtoto anayezaliwa. Hatufundishwi kumwacha mtoto wetu wa miezi 8 mikononi mwa mtu mwingine saa 1 jioni, tukijua kwamba hatutamwona tena mpaka saa 2 asubuhi. Mwongozo huu unamhusu muuguzi wa Tanzania Bara aliyemaliza stashahada au shahada akiwa tayari ana mtoto au watoto nyumbani, na umeandikwa na mtu aliyepita njia hiyo akiwa na mtoto mchanga na mwingine wa chekechea.

Nimewaona wenzangu wengi wakianza, na walioshindwa katika mwaka wa kwanza mara chache walishindwa kwa sababu ya kutokujua kazi. Walishindwa kwa sababu walipanga mchana wakaacha usiku ujipange wenyewe. Kwa hiyo kila hatua iliyomo humu inaelekea kwenye swali moja: nyumba yako itaendeshwaje usiku ambao wewe uko wodini?

Hatua ya kwanza: Sawazisha majina na vyeti

Usisubiri tangazo la ajira ndipo uanze kutafuta karatasi, kwa maana muda wa kuomba huwa mfupi na mfumo hauna subira. Utahitaji cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita kama ulifika huko, cheti cha taaluma, na leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambayo hutolewa baada ya kufaulu mtihani wa Baraza. Aliyesoma shahada anapitia kwanza mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi, na mwaka huo nao una zamu za usiku, hivyo yaliyomo katika hatua ya tatu yanamhusu kabla hata hajaajiriwa.

Wengi wetu tulioolewa tukiwa bado masomoni tunakwama kwenye majina. Cheti cha kidato cha nne kinasoma jina la baba, kitambulisho cha Taifa kinasoma jina la mume, na cheti cha kuzaliwa kina herufi moja iliyorukwa na karani miaka 20 iliyopita. Mfumo wa ajira hauwezi kujua kwamba watu hao watatu ni wewe. Muone wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe, kisha majina yafuate mstari mmoja kila mahali. Wakati huo huo tafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi, pamoja na cheti cha ndoa kama unacho, kwa sababu ndivyo utakavyotumia kuwaandikisha katika bima ya afya siku utakapopata kazi. Nimemwona mama akilipia vipimo vya mwanawe kwa fedha taslimu katika hospitali ile ile anayofanyia kazi, kwa kukosa cheti tu.

Hatua ya pili: Piga hesabu kabla ya kukubali nafasi

Muuguzi mpya huwa na njia tatu mbele yake: kujitolea akisubiri ajira, kuchukua mkataba katika hospitali binafsi au ya taasisi ya dini, au kupangiwa kituo na Serikali. Kujitolea kunakuza mkono, lakini kwa mwenye watoto kuna gharama ambayo asiye na watoto haioni. Andika kwenye karatasi nauli ya mwezi, malipo ya atakayebaki na mtoto na chakula cha kazini, kisha linganisha na posho unayoahidiwa, ikiwa ipo. Ikiwa kila mwezi unatoa fedha mfukoni ili uende ukafanye kazi, weka ukomo wa miezi mapema, na uombe barua ya utambulisho inayoonyesha tarehe ya kuanza na idara ulizopitia, ili muda huo usipotee bure.

Kati ya hospitali kubwa iliyo mbali na kituo cha afya kilicho karibu, mwenye mtoto mdogo nashauri achague kilicho karibu. Najua ushauri huu hauwapendezi walimu wetu, wanaotaka tuanzie penye wodi nyingi na wataalamu wengi. Lakini saa mbili za daladala kwenda na mbili za kurudi, ukiziongeza kwenye zamu ya saa 12, zinakuachia saa 8 za kulala, kupika, kunyonyesha na kuwa mzazi, na hazitoshi. Kituo kidogo nacho kina ugumu wake, kwani usiku unaweza kujikuta peke yako na mama mwenye uchungu. Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini: usiku wanakuwa wauguzi wangapi, nani anaitwa mambo yakizidi, na gari la wagonjwa linatoka wapi.

Ukipangiwa na Serikali huchagui. Unaweza kutoka Dar es Salaam ukajikuta Kakonko au Liwale. Nenda mwenyewe kwanza, uripoti, utafute nyumba yenye maji karibu na kituo, umtambue jirani wa kuaminika, ndipo uwalete watoto. Muulize Afisa Utumishi kuhusu fedha za kujikimu, na uende na akiba ya kukutosha walau miezi miwili, kwa maana mshahara wa kwanza huweza kuchelewa wakati taarifa zako zinaingizwa kwenye mfumo.

Hatua ya tatu: Panga usiku kabla ya kupanga mchana

Kaa na watu wa nyumbani mwako, awe mume, mama mzazi, mama mkwe au mdogo wako, mwaandike majina matatu. Jina la kwanza ni la mtu anayelala na mtoto kila unapoingia usiku. La pili ni la mtu anayechukua nafasi hiyo wa kwanza akiumwa au akisafiri. La tatu ni la jirani anayeweza kufika kwa miguu ndani ya dakika 10 mtoto akipata degedege saa 8 usiku. Usipopata majina matatu, hujawa tayari kuingia zamu ya usiku, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko kulijua ukiwa umevaa glavu.

Familia nyingi hutegemea dada wa kazi, na hapa nina neno. Dada wa kazi ni mwajiriwa wako kama wewe ulivyo mwajiriwa wa hospitali, naye anahitaji mshahara uliotajwa, siku ya kupumzika, na usingizi. Ukimwachia mtoto usiku kucha, kisha asubuhi ukalala wewe na kumtaka aendelee na kufua, utakuwa umemfanyia kile kile unachokilalamikia kwa muuguzi mfawidhi wako. Usimchukue binti aliyestahili kuwa shuleni. Na kabla hujamwachia usiku wa kwanza, kaeni pamoja wiki mbili ukiwa nyumbani, umwonyeshe namna ya kupima joto la mwili, namna ya kuchanganya ORS (maji ya chumvichumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha), na dalili ambazo akiziona hasubiri simu yako bali anampeleka mtoto kituoni: mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Dalili hizo unazijua kwa moyo kutoka chuoni, lakini yeye hazijui, na usiku huo yeye ndiye muuguzi wa mwanao.

Baba wa watoto aingie kwenye ratiba kwa jina lake, si kwa maneno ya «nitasaidia». Katika nyumba yangu tuliibandika ratiba ya zamu kwenye mlango wa jokofu, na kila usiku wangu ulikuwa na jina la mtu mzima pembeni yake. Mama mkwe aliiona akacheka, akasema tumeigeuza nyumba kuwa wodi. Alikuwa hajakosea.

Hatua ya nne: Soma sheria kabla hujaihitaji

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mambo ambayo kila muuguzi mzazi anapaswa kuyajua. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Usiku unahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na saa hizo zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama mjamzito hapaswi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na anaweza kuondolewa mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba hafai tena kufanya kazi ya usiku. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Baba hupata siku 3, nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wauguzi wanaume wengi huzipoteza kwa kutoziomba.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakioni hadi kinapowauma. Sheria hiyo haimpi likizo ya malipo mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini. Ukianza kazi ukiwa na ujauzito, usifiche tumbo kwa hofu ya kukosa nafasi halafu uje kushangazwa na mshahara. Soma mkataba wako, uliza taratibu za mwajiri, na ujibiwe kwa maandishi.

Ratiba ya zamu haiombwi koridoni. Muuguzi mfawidhi wa wodi huipanga kabla ya mwezi kuanza, na ukimfuata ikiwa imekwisha kubandikwa umemwongezea kazi na umemnyang'anya mwenzako mapumziko. Mwone mapema, umweleze shida moja iliyo wazi, na uende na suluhisho mkononi. «Naomba usiku wangu ufuatane, kwa sababu mama yangu anaweza kuja kukaa na watoto siku nne mfululizo» ni ombi linalosikilizwa. «Mimi nina watoto wadogo» halisikilizwi, kwa kuwa nusu ya wodi ina watoto wadogo.

Hatua ya tano: Maziwa ya mama na zamu

Anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kwa anayeishi jirani na kituo, muda huo unamwezesha kwenda nyumbani au kuletewa mtoto. Kwa wengine utatumika kukamua. Anza kujizoeza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi kazini, kwa mikono iliyooshwa, ukiweka maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko na kuandika saa uliyokamua. Kwenye joto la nyuzi 25 maziwa hukaa kwa muda wa hadi saa 4, lakini kwa joto la Dar es Salaam au Tanga usiyategemee kufika huko. Tumia kibebeo chenye barafu. Kwenye jokofu hukaa hadi siku 4. Anayemlisha mtoto ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, si kwa kuyachemsha jikoni, na ampe kwa kikombe. Sisi ndio tunaowahimiza akina mama kliniki wanyonyeshe bila kuchanganya kitu kwa miezi 6, na ni wauguzi wangapi tunaofika miezi hiyo na watoto wetu wenyewe?

Hatua ya sita: Miezi mitatu ya kwanza wodini

Omba upangiwe muuguzi mzoefu wa kukuongoza, hata kama hospitali haina utaratibu rasmi. Fika dakika 15 kabla ya makabidhiano, pita kitanda kwa kitanda, na usikubali kupokea wodi kwa maneno ya «hali ni shwari». Uliza nani ana dripu na imebaki kiasi gani, nani anasubiri majibu ya maabara, nani ana dawa ya saa 4. Hesabu dawa za wodi zinazodhibitiwa kwa sababu zinalevya, na vifaa vya dharura, kabla anayetoka hajavua aproni.

Uwe na daftari dogo la mfukoni la hesabu. Lita 1 ya maji kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Hesabu hii unaijua mchana, lakini saa 10 alfajiri akili hukataa kugawanya. Nilijifunza hilo katika mwezi wa nne. Binti yangu alikuwa na homa mchana kutwa, sikulala, nikaingia usiku wa tatu mfululizo katika wodi ya watoto. Mtoto wa kilo 8 aliandikiwa sindano ya gentamisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 60. Ampuli yetu ilikuwa ya miligramu 80 katika mililita 2, hivyo alipaswa kupata mililita 1.5. Mimi nikavuta ampuli nzima. Mwenzangu aliniuliza swali moja tu, «Huyu ana kilo ngapi?», na mkono wangu ukasimama hewani. Tangu usiku ule kila dawa ya mtoto inayohitaji hesabu naisoma kwa sauti mbele ya mtu wa pili, na nikiwa sikulala mchana namwambia kiongozi wa zamu mwanzoni, ili anipe majukumu ambayo kosa lake linaweza kuonekana kabla halijamfikia mgonjwa. Ni aibu ya dakika moja.

Jikinge pia kwa ajili ya walioko nyumbani. Maliza chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa zamu hiyo hiyo, na uanze dawa za kuzuia VVU mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita. Dawa hizo hunywewa siku 28. Usinyamaze kwa kuogopa maneno ya watu. Sare ivuliwe kazini, ibebwe kwenye mfuko wake, ifuliwe peke yake, na mtoto asikumbatiwe mpaka umenawa.

Hatua ya saba: Usingizi wa mchana

Ukitoka usiku, usipitie sokoni. Nenda nyumbani, kunywa uji, oga, ulale ndani ya saa moja tangu ufike. Tundika khanga mbili nene dirishani, zima simu, na mtoto atolewe ndani ya nyumba au apelekwe kwa jirani kwa saa zilizokubaliwa, kwa sababu mtoto anayejua mama yupo chumbani hatabembelezeka na mtu mwingine. Chai na kahawa ziishie saa 9 usiku. Kama usingizi unakulemea njiani, usipande bodaboda. Subiri, au chukua usafiri ambao hautaanguka ukisinzia. Siku ya mapumziko inayofuata usiku si siku ya kufanya usafi wa nyumba nzima, ingawa ndugu wataiona hivyo.

Hatua ya nane: Mshahara na kuthibitishwa

Mshahara wa kwanza utakuja ukiwa umekatwa kodi, mchango wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, na kwa aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Usiahidi ada ya mdogo wako wala kuezeka nyumba ya wazazi kabla hujaona hati ya malipo ya miezi miwili. Wakopeshaji wa kausha damu, wale wa mitaani wenye riba kubwa, huzijua tarehe zetu za ajira kuliko tunavyozijua sisi, na mkopo wa kununulia makochi umewafunga wauguzi wengi katika vibarua vya ziada vilivyokula usingizi wao wote. Fungu la kwanza liende kwa anayelea watoto, kwa kuwa bila yeye hakuna zamu.

Katika bima ya Taifa, mwanachama huandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne. Fanya hivyo mwezi wa kwanza, na kadi za watoto zikitoka, mpe anayebaki nao usiku.

Katika utumishi wa umma muda wa majaribio kwa kawaida ni miezi 12. Weka jalada lako mwenyewe lenye nakala ya barua ya ajira, barua ya kuripoti, leseni iliyo hai na vyeti vya mafunzo endelevu. Mwezi wa 11 mkumbushe Afisa Utumishi kwa maandishi, maana jalada lisilosemewa hukaa kabatini. Ukiwa na nia ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, subiri barua ya kuthibitishwa iwe mkononi, ambatisha cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mwenza, na uanze mapema kumtafuta muuguzi wa kada yako aliyeko huko unakotaka, ambaye naye anataka kuja ulipo, ili mbadilishane vituo.